Kabla Hujakodi Kamera, Hesabu Nauli

Kila mtu anataka kushika kamera. Hakuna anayetaka kushika daftari. Ingia kwenye kikundi chochote cha WhatsApp cha wanafunzi wanaopanga kutoa video ya ngoma yao, uone. Jumbe mia za kwanza ni za lenzi, droni, na nani ana binamu mwenye gari safi. Ujumbe wa mia na moja ndio unauliza, "Sasa tunakutana wapi na saa ngapi?" Hapo ndipo watu wote wanaenda kulala.

Nimepanga video kadhaa za wanafunzi, na msimamo wangu najua utaudhi wasee wengine. Video ya wanafunzi haiuawi na kamera mbaya. Inauawa na njaa, na watu kutojua watarudi nyumbani vipi, na kukosa karatasi inayosema nani mwenye nini. Kupanga ndiyo kazi yenyewe. Kamera ni kama sufuria: ni muhimu, lakini hakuna mtu amewahi kushibishwa na sufuria.

Nichukue video moja tu, ile tuliyopiga Februari.

Msanii ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Ngoma yake ina dakika 3 na sekunde 10. Inahusu mtu anayetoka nyumbani kabla ya alfajiri na kurudi usiku, kila siku, hadi watoto wake wanamjua kwa sauti kuliko kwa sura. Huyo mtu ni mamake. Msanii alikuja na shilingi 12,000, na hakuna aliyempa. Alikuwa amesuka watu nywele muhula mzima pale hosteli, abuja na rasta, akishinda kwa kigoda hadi mgongo unakataa. Sisi wengine tukachanga 8,000. Jumla 20,000, na watu 11, tukimhesabu yeye.

Kikao cha kwanza kilienda vile vikao huenda. Kuna aliyesema bila gari kubwa video itakaa ya mtaani. Kuna aliyejua msee mwenye droni. Kuna aliyetaka tuende mpaka Naivasha, eti kuna mandhari. Gari na droni pekee zilikuwa zinaelekea nusu ya pesa yote. Nikauliza swali moja: hilo gari liko kwenye mstari gani wa wimbo? Kimya. Mtu wa huu wimbo anapanda mathree gizani akiwa amefunika kichwa na leso. Ukimwimbia mama kama huyo juu ya boneti ya gari la kukodi, umetumia pesa kujikanusha.

Na isitoshe, "video ya mtaani" si tusi. Mwaka 2018 Ethic walipotoa Lamba Lolo, vijana wanne wa Umoja, kilichoshika watu si magari. Ni kwamba ukiitazama unajua hao watu wanatoka wapi. Mtazamaji wa Kenya ana pua. Ananusa maisha ya kuazima kutoka mbali.

Kwa hivyo daftari likaanza na hadithi. Mama anatoka gizani, anafanya kazi mchana, anarudi gizani. Tukahitaji sehemu tatu tu: paa la fleti anakoishi msanii Roysambu, saluni ndogo iliyo chini ya fleti hiyo hiyo, na njia yenye miti ndani ya chuo ambako yule binti wa wimbo anasomea karo ya mamake. Sehemu mbili kati ya tatu tunafika kwa ngazi. Usicheke. Kila ukihamisha watu 11 jijini umelipa nauli, umepoteza saa moja kwa foleni, na lazima mtu atashuka stegi isiyo yake.

Halafu pesa. Hii hapa, yote, kwa sababu nimechoka kuona watu wakiongea kuhusu bajeti bila kuonyesha bajeti:

Kamera na lenzi mbili, siku moja: 5,000.
Taa mbili ndogo za betri: 1,500.
Nauli, watu 11 kwa 200: 2,200.
Chakula na maji: 2,700.
Mavazi ya mtumba, Gikomba: 2,100.
Keateka na mwenye saluni: 1,500.
Vibali, kuchapisha karatasi na safari za ofisini: 2,000.
Teksi ya usiku: 1,500.
Akiba: 1,500.

Angalia vizuri. Nauli, chakula na teksi ni 6,400. Kamera na taa ni 6,500. Hapo ndipo nilipigwa vita. Msee wa kamera aliniambia, "Buda, ukitoa hiyo doo ya chakula tunapata lenzi ya maana. Watu wakule kwao." Nikamwambia lenzi ya maana itaonyesha vizuri sana sura za watu wenye njaa.

Si mzaha. Hawa watu hawalipwi. Wachezaji densi wanne, msee wa kamera na msaidizi wake, dada wa vipodozi, mtu wa spika, mtu wa kubeba na kulinda vitu, mimi, na msanii. Tunawaomba siku nzima ya Jumamosi, siku ambayo wengine wanafanya vibarua. Mtu akikupa siku yake bure, kitu cha chini kabisa unachomdai mfuko wako ni kwamba asitoe nauli, asilale njaa, na afike kwake salama. Kuna watu mjini humu wanaita wanafunzi "waje wapate kujulikana". Kujulikana hakujawahi kulipa konda. Na inauma zaidi mwanafunzi akimfanyia hivyo mwanafunzi mwenzake, halafu anaita ni familia.

Teksi ilikuwa ya wasichana watatu wanaoishi mbali. Tulijua tutamaliza usiku, kwa hivyo pesa ya kuwarudisha ilitolewa kwenye bajeti kabla ya pesa ya taa. Hiyo haikuwa hisani.

Sasa tuje kwa jua, kwa sababu jua ni bure lakini halingoji mtu.

Nairobi iko karibu sana na ikweta. Mwaka mzima jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, likicheza kwa dakika chache tu hapa na pale. Tena linapanda wima, haraka. Ule mwanga laini wa dhahabu ambao kila mtu anautaka, huku kwetu unaupata kama dakika 40 hivi asubuhi na nyingine kama hizo jioni. Basi. Ukiona video za Ulaya wakipiga jioni mpaka wachoke, ujue kwao wakati wa kiangazi jua linazama polepole kwa mshazari. Letu linadondoka kama limekatwa uzi. Na saa sita mchana linakuwa juu ya utosi, macho ya msanii yanageuka mashimo mawili meusi.

Ndiyo maana ratiba ilifuata jua. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko juu ya paa, wakati mji bado ni taa. Saa tatu chai. Kuanzia saa nne mpaka saa saba tuko ndani ya saluni, kujificha jua kali. Saa saba chakula. Saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu tuko chuoni chini ya miti. Halafu tunarudi paani kupiga machweo na usiku. Saa mbili usiku kazi imeisha. Niliandika kwa daftari "saa mbili" na nikachora mstari chini yake mara tatu, kwa sababu msee wa kamera duniani kote ana ugonjwa wa kusema "moja ya mwisho".

Tulichagua Februari pia kwa makusudi. Mvua ndefu huanza Machi mpaka Mei. Julai na Agosti Nairobi inaweza kuvaa wingu la kijivu wiki nzima. Mtu anayepanga kupiga machweo Aprili anacheza kamari na pesa za kusuka nywele.

Saluni nayo ilikuwa na kazi yake ya nyumbani. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, kwa hivyo taa nyingi za bei ya chini zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona: mistari inatembea kwenye ukuta kama nyoka. Dawa ni kuweka shuta kwenye 1/50 au 1/100 na kupiga fremu 25 kwa sekunde. Tulienda siku mbili kabla, tukajaribu, tukajua balbu gani ya kuzima. Tukamuuliza pia mwenye saluni stima ikipotea kuna dirisha upande gani. Hiyo ziara ilichukua dakika 20. Siku ya kazi, na watu 11 wamesimama, ingechukua saa mbili na heshima ya kila mtu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawajui hadi siku yenyewe. Tulitaka sehemu ya daraja la wimbo iwe ya mwendo wa polepole, nywele zikipeperuka lakini mdomo ukifuata maneno. Hesabu ni hii: ukipiga fremu 50 kwa sekunde na kuonyesha 25, kila kitu kinapunguza mwendo nusu. Kwa hivyo mdomo ukae sawa na wimbo, siku ya kupiga lazima spika icheze wimbo kwa kasi mara mbili. Msanii anaimba kama kanda inayokimbizwa na polisi, na baadaye inatulia kuwa uzuri. Hilo si jambo la kujifunzia paani alfajiri. Nilimtumia faili ya kasi wiki mbili kabla. Mwenzake wa chumba alinipigia simu kuniuliza kama kuna shida kichwani.

Vibali sasa. Najua hapa ndipo watu wanaruka aya. Usiruke.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, inataka leseni kwa anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa kwa umma. Pa kuanzia kuuliza ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Uliza mapema, uliza kwa maandishi, weka jibu. Droni ni habari ya KCAA, na kanuni zake za 2020 zinataka chombo kisajiliwe na anayekirusha awe na idhini. Msee mwenye droni nilipomuuliza karatasi zake, alisema atanitumia. Bado naningoja.

Chuoni nako, kamera kubwa na miguu yake mitatu ikipita langoni bila barua, soja ana haki ya kukurudisha. Barua tuliipeleka wiki mbili kabla. Mimi sikuweza kuitia sahihi. Niliacha masomo mwaka wa pili karo ilipokataa, na barua ilihitaji mwanafunzi mwenye kitambulisho. Kwa hivyo niliiandika, msanii akatia sahihi, klabu yao ya muziki ikaunga mkono, muhuri ukapigwa. Jumamosi saa tisa soja aliangalia ule muhuri, akatuangalia sisi, akasema, "Mko sawa, lakini msikanyage maua." Muhuri una nguvu ambayo hakuna lenzi inayo.

Na midundo? Kabla ya haya yote hakikisha mdundo wa ngoma ni wako kihalali. Kuna midundo mingi kwenye YouTube inayoandikwa ni ya bure, ukisoma chini unakuta ni ya bure ikiwa huingizi pesa. Siku video yako ikianza kulipa, mwenyewe anajitokeza. Msanii alikuwa na ujumbe wa maandishi kutoka kwa prodyusa wake, wenye bei na ruhusa. Tukauchapisha, tukauweka kwa faili.

Nikafikia karatasi yenyewe. Hii ndiyo sababu hasa ya kuandika leo.

Wengi wanafikiri video ni ya aliyeshika kamera. Soma Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 2, pale inapoeleza mtunzi ni nani. Kwa kazi ya picha na sauti, mtunzi ni yule aliyefanya mipango ya kazi hiyo kutengenezwa. Rudia tena polepole: aliyefanya mipango. Si aliyebonyeza kitufe. Ile kazi ya daftari ambayo kila mtu anaikimbia, ya nauli na barua na chapati, ndiyo sheria inaita utunzi. Na sheria hiyo hiyo inasema kazi ikiwa imeagizwa, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukiweka hayo mawili pamoja kwenye kikundi cha marafiki, ambako hakuna anayejua nani ameagiza na nani amepanga, unapata vita.

Kwa hivyo niliandika ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, bila maneno ya wakili. Video ni ya msanii. Msee wa kamera na kila mtu anaruhusiwa kutumia vipande kuonyesha kazi yake. Pesa ikiingia kwa kuuza kipande chochote, nusu ni ya msanii, nusu inagawanywa sawa kwa watu 10 waliobaki. Faili zote zinanakiliwa mahali pawili siku hiyo hiyo, na nakala moja inalala kwa msanii. Tulipiga karibu saa mbili za picha. Kwa 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, kila saa inakula kama GB 45, kwa hivyo diski mbili ziliazimwa mapema na hakuna kadi iliyofutwa kabla ya kuhesabiwa.

Chini ya ukurasa, kila mtu anayeonekana alikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: sura yangu itumike kwenye video ya wimbo huu, ndiyo au hapana. Cha pili: sura yangu itumike kwenye tangazo la biashara, ndiyo au hapana.

Hicho cha pili kilichekwa. "Tangazo gani na wewe? Nani anatujua?" Nilisisitiza kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi na sura ya mtu. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Idhini lazima iwe ya kitu kinachojulikana, na mtu anaweza kuiondoa. "Si ulikuja mwenyewe?" si idhini.

Watu wakatia sahihi wakitafuna mandazi. Mmoja wa wachezaji densi alisoma ukurasa wote. Kisanduku cha kwanza akaandika ndiyo. Cha pili akaandika hapana. Hakueleza, na sikuuliza.

Siku ilienda. Saa mbili kasoro usiku msee wa kamera alisema "moja ya mwisho", nikamwonyesha mistari mitatu kwenye daftari, akacheka, akazima. Teksi ilikuwa chini. Chapo madondo za mathe wa kibanda zilibaki mbili, wakazigombania.

Wiki sita baadaye, video ikiwa hewani, biashara moja ya bidhaa za nywele ikamwandikia msanii. Wanataka sekunde 15 kwa tangazo la mtandaoni. Shilingi 30,000. Hesabu kichwani: 15,000 kwa msanii, 15,000 kwa watu 10, yaani 1,500 kila mtu. Kikundi kililipuka. Ukiwa umesota, 1,500 ni kodi ya nusu wiki na gesi.

Lakini kipande walichokitaka kilikuwa kile cha saluni, mwendo wa polepole, na uso uliojaa picha ni wa yule dada aliyeandika hapana.

Sitasahau jumbe za usiku huo. Ilianza kwa upole: "Sis, ni sekunde 15 tu." Ikawa: "Unajua watu wanategemea hii?" Ikawa: "Si uliingia kwa video mwenyewe, hii ni ubinafsi." Watu waliokula naye sahani moja. Na msee wa kamera akaongeza kwamba picha aliipiga yeye, kwa hivyo yeye ndiye wa kusema inaenda wapi.

Nikatuma picha ya ukurasa. Sikuongeza neno. Sahihi yake ilikuwa pale, na hapana yake, na sahihi ya msee wa kamera mistari miwili juu yake. Baadaye msanii, ambaye ndiye angepoteza nyingi kuliko wote, akaandika: "Amesema hapana. Tafuteni kipande kingine ama tuachane nayo."

Biashara ile ikachukua kipande cha paani, msanii peke yake na leso yake, kwa 20,000. Kila mtu akapata 1,000 badala ya 1,500. Yule dada pia alipata 1,000 yake. Kuna waliouliza mbona alipwe ilhali alikataa. Kwa sababu karatasi inasema sawa kwa wote 10, na haisemi "sawa kwa wanaonyamaza". Alicheza densi tangu alfajiri kama wenzake. Hapana yake haikufuta jasho lake.

Wawili kati ya hao 11 hawajanisalimia hadi leo. Nimekubali. Wanadhani niliwatoa 500. Mimi naona kitu kingine. Bila ule ukurasa, kikundi cha watu 10 kingemkalia mtu mmoja kooni usiku mzima, na angekubali, si kwa kutaka, ni kwa kuchoka. Tungekuwa na 30,000 na msichana ambaye kila akifungua simu anakutana na uso wake ukiuza kitu alichokataa kuuza. Na sote tungeiita kazi ya pamoja.

Wanafunzi hatuna pesa, na kutokuwa na pesa kunatupa kisingizio kitamu: ati mambo ya mikataba na idhini na teksi ni ya wakubwa wenye kampuni. Ni kinyume. Mwenye pesa akikosea analipa wakili. Sisi tukikosea tunalipa kwa urafiki, na mara nyingi anayelipa ni yule mwenye sauti ndogo kabisa kwenye chumba. Karatasi moja na nauli ya kila mtu ni vitu vya bei ya chini kuliko lenzi, na ndivyo pekee vinavyoweza kumlinda.

Msanii mwingine alinipigia juzi. Ana ngoma, ana 9,000, na anataka video kabla ya mvua. Nikangoja aniulize kuhusu kamera, kama wote. Akaniuliza, "Nina watu sita. Nikiwalisha na kuwarudisha kwao, itabaki ngapi?"

Tulianza kuhesabu hapo hapo.